Kipara na tatuu ya shingoni: mnawajibuje watu msiowajua?

Mleta mada: Habari zenu wadau. Mimi ni mwanamke, nimenyoa kipara kwa kupenda mwenyewe, na nina tatuu ya bawa linaloanzia nyuma ya sikio hadi begani. Macho ya watu nimeyazoea. Kinachoniumiza ni kuhukumiwa. Juzi kwenye foleni nilimsalimia mtoto, akanichekea vizuri tu, mama yake akamvuta upande wa pili na kumfuta mkono niliomshika. Kumfuta mkono jamani! Nyie mnafanyaje?

Jibu 1: Pole sana dada, hilo la kumfuta mkono limeniuma hata mimi. Nina rasta, nayajua hayo. Mwaka 2006 watafiti Janine Willis na Alexander Todorov walionyesha kuwa sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha mtu kuiona sura na kuamua kama ni ya kuaminika. Akiongezewa muda, kwa kawaida anazidi tu kujiamini. Usijichoshe kujieleza.

Jibu 2: Naomba nitofautiane kidogo. Anayeuliza kama unaumwa huenda ana nia njema, maana baadhi ya dawa za saratani hunyonyoa nywele. Huyo mjibu kwa upole. Wa kufuta mkono mwache apite.

Mleta mada: Asanteni. Wa ugonjwa huwa namwambia "mzima kabisa, napenda hivi", na wengi huishia kuniuliza nanyoa na nini. Ila yule mama bado sijamsamehe.