Frihodi, lizihodi na hati ya CDA: miaka iliyobaki ina maana gani?

Dada wa Coventry anauliza:

Mbukwenyi ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naombeni msaada kabla sijaamua maana nimebanwa pande mbili. Huku Coventry nimepata fleti, bei naimudu, ila ni lizihodi, yaani unanunua miaka tu, na imebakiza miaka 82, na wenzangu kazini kila mmoja ananiambia tafuta frihodi, ile isiyo na mwisho, lizihodi achana nayo. Sasa wakati nahangaika na hilo kaka kanipigia toka Dodoma, wamefungua sanduku la marehemu baba wamekuta karatasi za nyumba ya Area C, zimeandikwa CDA, ile mamlaka ya zamani ya ardhi ya mji, miaka 33 kuanzia 1998. Piga hesabu, inaisha 2031. Na kuna dalali keshafika hapo anamwambia kaka hiyo ni lizi inayokufa, uzeni sa hivi hata kwa bei ya chini kabla serikali haijachukua. Kwa nilivyosoma mambo ya huku naona kama dalali ana hoja, kama 82 watu wanaiogopa, je hiyo isiyofika hata 10? Tuuze?

Mjomba wa Ipagala anajibu:

Marahaba mdogo wangu, mbukwa, na poleni tena na msiba wa mzee.

Msiuze. Na huyo dalali msimpe hata nakala ya hizo karatasi mpaka mmalize kusoma hapa, maana anatumia neno moja la Kiingereza kuwatisha na hilo neno halina uzito uleule Dodoma na Coventry.

Nianze na huko kwenu. Mi nimekaa Reading huko Uingereza miaka mingi kabla sijarudi Ipagala hapa Dodoma, haya mambo nimeyaishi. Uingereza na Wales frihodi maana yake nyumba ni yako na ardhi iliyo chini yake ni yako, haina mwisho, haina mtu juu yako wa kumlipa kodi ya ardhi, ukifa wanarithi wanao basi. Lizihodi ni kwamba umenunua muda. Unatoa hela ya nyumba, unachukua mogeji, mkopo wa nyumba, wa miaka 25, unatoa jasho, na bado kuna mwenye ardhi juu yako anayesubiri muda uishe jengo limrudie. Fleti nyingi huko ziko hivyo. Na kila mwaka kuna sevisi chaji, hela ya matunzo ya jengo, hiyo inaweza kupanda, lifti ikiharibika mnachangishwa, paa likivuja mnachangishwa. Lizi yangu ya Reading ilikuwa na kifungu kabisa kwamba huruhusiwi kutoa kapeti ukaweka sakafu ya mbao bila ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo. Nyumba unaiita yako lakini sakafu unaiombea ruhusa.

Sasa kinachouma zaidi ni ile miaka. Ikiwa 999 huna presha. Ikikaribia 80 hapo ndo pa kuangalia sana, kwa sababu ikishuka chini ya 80 ukitaka kuongeza miaka unamlipa mwenye ardhi bei ya kawaida halafu juu yake unampa nusu ya ile thamani ambayo nyumba inapanda kwa kuongezwa miaka, na mabenki mengi yanaanza kusita kumkopesha atakayenunua kwako. Kuna sheria ya 2024 imepitishwa huko ya kufuta hilo la nusu na kuruhusu uongeze miaka 990 kwa mpigo, lakini kupitishwa na kuanza kutumika ni vitu viwili, vipengele vingine mpaka sasa vinasubiri, kwa hiyo solisita wako, yaani wakili wa huko, akuambie kipi kimeanza. Kilichoanza tayari ni kwamba toka mwisho wa Januari 2025 mnunuzi halazimiki tena kukaa miaka miwili ndo aombe kuongezewa. Na lizi mpya zilizotolewa kuanzia 30 Juni 2022 nyingi hazina tena kodi ya ardhi ya kila mwaka, ila yako naona ni ya zamani, angalia imeandikwa unalipa kiasi gani na inapanda baada ya miaka mingapi. Kuna lizi ambazo kodi inajiongeza mara mbili kila baada ya muda fulani, ukikuta hivyo kimbia.

Kwa hiyo ya kwako 82 ina miaka miwili tu kabla ya kugusa hapo pabaya. Si lazima uiache, ila mwambie muuzaji aanze kuongeza yeye kabla hujanunua au ashushe bei ya maana.

Sasa njoo Dodoma. Tanzania frihodi haipo. Haipo kwa yeyote, awe waziri awe tajiri wa mabasi. Zamani Mjerumani na Mwingereza waliwapa walowezi ardhi kwa frihodi, na Waingereza walipotaka kuupanua mtindo huo Mwalimu Nyerere aliupinga kwa nguvu mwaka 1958, hoja yake ni kwamba ardhi ikiwa bidhaa ya kuuzwa moja kwa moja wachache wenye hela wataimaliza na wengine watabaki wapangaji kwenye nchi yao. Tukapata uhuru, mwaka 1963 frihodi zote zikageuzwa kuwa lizi za serikali za miaka 99, na 1969 hizo lizi nazo zikageuzwa kuwa haki ya kumiliki ardhi, hii hii tunayoiita hati. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 imeshikilia hapohapo, ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini, wewe unapewa milki ya miaka 33, 66 au 99 na unalipa pango la ardhi kila mwaka. Maana yake hapa hamna jirani mwenye kitu kikubwa kuliko chako, wote tuko kwenye miaka. Ndo maana mnunuzi wa Dodoma hakuulizi imebaki miaka mingapi kama anavyouliza wa London, anakuuliza kiwanja kimepimwa? hati ipo? iko kwa jina la nani? pango limelipwa mpaka lini?

Ila Dodoma yetu ilikuwa na jambo lake ambalo miji mingine haikuwa nalo na hapo ndo dalali anapopata pa kusimamia. CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyoundwa 1973 serikali ilipoamua kuhamia huku, yenyewe ndo ilikuwa imemilikishwa ardhi ya mji, halafu wananchi tukawa tunachukua lizi kwake za miaka 33. Yaani kwa kweli kabisa Area C, Kikuyu, Kisasa, watu walikuwa na lizihodi inayofanana na ya Coventry, mamlaka juu, mwananchi chini. Watu walilalamika miaka na miaka. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja CDA, kazi zake zikaenda manispaa ambayo mwaka uliofuata ikawa jiji, na akaagiza hati zitolewe na Wizara ya Ardhi, miaka itoke 33 iende 99. Kwa hiyo yule mwenye lizi aliyekuwa anasubiri 2031 hayupo tena. Hiyo karatasi ya mzee ni ya kupelekwa ikabadilishwe, na dalali anajua fika, akishanunua kwenu kwa bei ya kutupa atakwenda kuibadilisha yeye.

Kitu cha kuwakosesha usingizi ni jina. Mzee ametangulia na karatasi ina jina lake. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, chukueni cheti cha kifo, mfungue mirathi mahakamani apatikane msimamizi, msimamizi ndo anaenda ofisi ya ardhi na karatasi za CDA, risiti za pango, kitambulisho cha NIDA na picha. Kama pango lina madeni litolewe kontroo namba mlipe kwanza. Na kaka atembee mwenyewe kiwanjani akaangalie bikoni, ile zege fupi yenye chuma katikati na namba, mara nyingi zimefukiwa na udongo au jirani kajengea ukuta juu yake, azitafute zote azipige picha namba zikiwa zinasomeka.

Shangazi wa Leicester anaongeza:

Mjomba ahsante sana, mi ntaongeza moja sababu naona wengi humu hatulisemi. Mi nimeshachukua pasi ya Uingereza. Je na mimi naingizwa kwenye hati ya nyumba ya wazazi?

Mjomba wa Ipagala:

Shangazi hapa twende kwa uangalifu. Sheria yetu ya uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake wa Tanzania unakoma, na Sheria ya Ardhi asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Bunge hapa hapa Dodoma limeshapitisha marekebisho ya kuwapa hadhi maalum wenye asili ya Tanzania walioko nje, na mambo ya ardhi yamo, hivyo mlango umefunguliwa, ila utaratibu wake muulize wakili wa hapa kwa hali yako wewe kabla hujasaini chochote. Nachokuomba kwa moyo wote usifanye ile ya kuandikisha kwa jina la binamu kwa maneno ya mdomo. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani Nkuhungu kwa ajili ya hiyo. Haki yako kwenye mirathi iandikwe mahakamani iwe ni hisa ya thamani au nini, lakini iwe kwenye maandishi.

Dada wa Coventry:

Mjomba Mungu akubariki, nimeisoma mara mbili nikamsomea na kaka kwenye simu. Dalali kaambiwa nyumba haiuzwi. Kikao cha ukoo Jumamosi, dada yetu wa Kongwa atakuja. Huku solisita nimemwandikia leo, masharti yangu ni muuzaji aanzishe kuongeza miaka au sinunui, na nimemwomba anitafutie kifungu cha kodi ya ardhi kinasemaje. Swali la mwisho, risiti za pango za zamani tumezikuta chache tu, nyingine panya wamekula, itakuwaje?

Mjomba wa Ipagala:

Hizo msihangaike nazo sana, malipo yana kumbukumbu ofisini, kaka aende na namba ya kiwanja na kitalu aombe taarifa ya deni, wataona kilicholipwa na kisicholipwa. Zilizopona aziweke kwenye bahasha moja na ile karatasi ya CDA, na orijino asimwachie mtu kaunta bila kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake.