UZI WA MALALAMIKO: Wachoma DVD, acheni kuwaambia watu "hii inasoma popote"

Wakuu, salaam.

Sasa imetosha. Mtu analipa pesa ya kurekodiwa harusi au arobaini ya mzee wake, anakabidhiwa DVD, akifika nyumbani deki inazungusha weee, mwisho inaandika "No Disc". Akirudi studio anaambiwa deki yake mbovu, anunue nyingine. Huo ni uonevu. Mara nyingi deki ni nzima. Kosa limefanyika studio, kwenye diski iliyochaguliwa na namna ilivyochomwa. Na anayelifanya anatoza pesa, kwa hiyo simuonei haya.

Tuanze na diski yenyewe. Kwenye rafu la duka kuna DVD-R, DVD+R, DVD-RW, DVD+RW na zile za tabaka mbili za GB 8.5. Kwa macho zinafanana, kwa deki hazifanani hata kidogo. DVD-R ni ya tangu 1997, imo kwenye familia ile ile iliyobuni DVD yenyewe. DVD+R ilikuja 2002, kutoka kundi jingine la makampuni. Kila diski ina namba ya utambulisho kwenye eneo la mwanzo, karibu na tundu la katikati, inayoiambia deki "mimi ni aina fulani". Deki ya zamani ikikuta namba ya DVD+R haiijui, basi inaikataa hata kama leza yake ingeweza kuisoma. Ndiyo maana kwa mteja ambaye hujui ana deki gani, unampa DVD-R ya tabaka moja, GB 4.7. Ukibaki na boksi zima la DVD+R, usilitupe: kabla ya kuchoma, badilisha hiyo namba ya utambulisho iwe DVD-ROM. Programu ya kuchoma iitwayo ImgBurn inafanya hivyo na ni ya bure, ilimradi draivu yako ikubali. Deki itaiona kama diski iliyotoka kiwandani. Ni wachoma DVD wangapi wanafanya hivyo? Wengi hata hawajui kama kipengele hicho kipo.

RW, yaani zile za kufuta na kuandika upya, msimpe mteja kabisa. Diski ya kiwandani ya tabaka moja hurudisha mwanga wa leza asilimia 45 hadi 85. RW hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu, kiwango kile kile cha diski ya tabaka mbili. Deki isiyozijua RW inadhani ina tabaka mbili, inatafuta tabaka la pili, haipati, inakata tamaa. Na hizi za GB 8.5 za kuchoma nazo ni balaa lake: mwanga ni hafifu, na pale leza inapohama kutoka tabaka la kwanza kwenda la pili picha inaganda, au deki inagoma hapo hapo. Harusi ya saa nne igawe kwenye diski mbili au tatu za kawaida. Gharama ya diski ya ziada ni ndogo kuliko aibu ya mteja kukaa na wageni sebuleni na picha imeganda.

Sasa kinachoniudhi kuliko vyote: mtu anaburuta faili la MP4 hadi kwenye diski, Windows inamuuliza anataka kuitumia diski kama flashi au kwa deki, yeye anachagua flashi. Hapo umeshaharibu. Diski inaandikwa kwa toleo jipya la UDF, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, ambalo deki ya nyumbani hailisomi. DVD ya video lazima itengenezwe kwa programu ya DVD, iwe na folda VIDEO_TS kwa herufi kubwa, ndani yake mafaili ya IFO, BUP na VOB. Picha ibanwe kwa muundo wa MPEG-2; kwa PAL, mfumo wa picha wa TV za huku kwetu, ni nukta 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde. Sauti ni AC-3 (ya Dolby, iliyobanwa) au PCM (isiyobanwa) ya 48 kHz, ile 44.1 ni ya CD ya muziki, msiilete hapa.

Kiwango cha biti, yaani data inayotumika kwa kila sekunde ya video, nacho mnakiachia programu iamue. Sheria ya DVD inaruhusu video hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini diski ya kuchoma ikipelekwa huko deki nyingi zinakwama kwama. Komea kwenye 8. Kwa saa mbili weka wastani wa 4.5 na AC-3 ya kilobiti 192: inakuja kama GB 4.2 hadi 4.3, na unaacha nafasi pembeni. Msijaze diski hadi ukingoni, ndiko makosa ya kusoma yanakoanzia.

Baada ya kuandika, funga diski (kwenye programu huitwa "finalize"). Isipofungwa inasoma kwenye draivu iliyoichoma, kwingine haionekani. Hiki ndicho chanzo cha ule utetezi wenu wa "mbona kwangu inacheza".

Kasi: diski ya 16x ichome kwa 8x. Kushusha hadi 1x hakusaidii, rangi inayochomwa na leza ndani ya diski za sasa haikutengenezewa mwendo huo. Stika za karatasi acheni. Zinavuta diski ipinde na kuyumba ikizunguka. Tumia diski zenye uso wa kuprintiwa, au maka ya wino wa maji.

Na wauzaji wa diski feki mmo kwenye uzi huu pia. DVD ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 vilivyogundishwa. Ukiona mapovu kwenye gundi au rangi yenye mabaka ukingoni, rudisha boksi zima. Namba ya kiwanda inayosomwa na programu si ushahidi, inanakiliwa.

Kwa wanaotuma Marekani: deki nyingi za kule hazichezi PAL. Tengeneza nakala ya NTSC, mfumo wa TV wa kule: 720 kwa 480, fremu 29.97 kwa sekunde. Msimbo wa eneo ("region code", unaozuia diski za kiwandani kuchezwa nje ya eneo lake) hauhusiki kwenye diski za kuchoma.

Wateja, kabla hamjamaliza kulipa, ombeni diski ichezwe mbele yenu kwenye deki ya kawaida, si kompyuta, na ipelekwe hadi dakika za mwisho kabisa. Ikikwama, ichomwe upya bila senti ya ziada.