Wasichana 9 walianza kushona, wamebaki 3. Klabu yetu ya wamama hapa Moshi tunakosea wapi?

Mama Pasua aliandika:

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Nina jambo linanikosesha usingizi nimeona nilete hapa nipate mawazo kabla ya kikao cha Jumamosi.

Sisi ni klabu ya wanawake Moshi mjini, tupo 21, kuna walimu, manesi wawili, wafanyabiashara wa Mbuyuni, mmoja yuko benki na wastaafu kama mimi. Tunachanga elfu 20 kila mwezi na mara mbili kwa mwaka tunapika tunauza, ndizi nyama, mtori, maandazi, hiyo ndo hela yetu, mfadhili hatuna. Kazi yetu kubwa ni mabinti. Tulianza na kugawa pedi shuleni, mwaka juzi tukaona hapana tufanye kitu cha kueleweka, tukanunua vyerehani 6, vinne vya miguu viwili vya umeme, tukaazimwa chumba pale jirani na kanisa, tukachukua wasichana 9 waliokatisha shule, 7 kati yao wana watoto, tukamlipa fundi awafundishe siku nne kwa wiki miezi tisa.

Sasa hivi wamebaki 3. Mmoja nasikia anapanda mlima kubeba mizigo ya wageni, mmoja yuko Kiborloni anauza mitumba, wengine hata hatujui walipo, waliacha tu kuja bila kuaga. Vyerehani vitatu vimefunikwa kanga vinakula vumbi. Nusu ya wanachama wanasema mabinti wa siku hizi hawapendi kazi, wanataka vyerehani viuzwe, hela itoke sare ya kitenge ya Machi 8 na inayobaki tupeleke kituo cha yatima. Mi roho inaniuma ila kwa kweli sina hoja ya kuwajibu. Nyie mnaonaje?

Dogo wa Soweto:

Mama uza hivyo vyerehani ununue bodaboda moja uniletee mimi, marejesho kila wiki haha. Natania mama yangu, Mungu awabariki.

Kisima_cha_Njoro:

Mi nina swali tofauti kidogo. Hizi klabu za wamama wenye hela zinazokutana hotelini na vibeji kifuani si ndo zile zile freemason? Mtaani kwetu ndo wanavyosema, binti wa jirani alikatazwa na baba yake kwenda.

Anti wa Ngaramtoni:

@Kisima_cha_Njoro jamani hiyo freemason itatuua. Klabu za huduma za wanawake zina historia yake wala sio siri, Zonta ilianza 1919 Buffalo kule Marekani, Soroptimist 1921 Oakland California na jina lenyewe ni la Kilatini, soror ni dada na optima ni bora. Inner Wheel ni 1924 Manchester Uingereza, wake wa wanachama wa Rotary. Kilichowafanya waanzishe za kwao ni kwamba za wanaume walikuwa hawaruhusiwi, Rotary wenyewe mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilivyoamua kesi 1987 ndo mambo yakaanza kulegea. Na wengine kama kina Mama Pasua hata hawako chini ya hizo kubwa, ni wamama wanachanga elfu ishirini ishirini, freemason gani huyo anauza maandazi.

Ila hofu ya huyo baba usiidharau Mama Pasua. Nyie mlienda kuongea na wazazi wa hao mabinti au mliwachukua tu?

Nirudi kwenye swali. Sisi huku Arusha tuna kikundi chetu na tulianguka pabaya kwenye pedi. Tulishona zile za kufua, flana juu, taulo katikati, chini kile kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo vya kubana pembeni, nzuri mnoo tukazipeleka shule mbili. Baada ya mwezi mwalimu wa malezi ananiambia nusu ya watoto hawazitumii. Kisa? Pedi inabanwa kwenye chupi na mtoto ana chupi moja au hana kabisa. Na pedi ya kufua inataka maji, sabuni na jua, binti anaona aibu kuianika mbele ya kaka zake kwa hiyo anaianika chini ya godoro, haikauki, anaivaa mbichi anapata fangasi. Wamama 30 watu wazima na hakuna aliyefikiria chupi! Sasa hivi kila pakiti ina chupi mbili na kipande cha khanga cha kufunikia wakati wa kuanika. Mnakumbuka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike na sote tukashangilia, 2019 ikarudishwa kwa sababu bei dukani ilikuwa haijashuka. Yaani hata huko juu nia ilikuwa nzuri hela ikaishia njiani.

Nenda kawaulize hao sita walioondoka. Sio hao watatu waliobaki, hao watakwambia asante mama kwa sababu bado wanakaa kwenye mashine zenu.

Binti Uru:

Shikamoo mama. Mimi nilikuwa kwenye mradi kama huo ila sio wenu, ni miaka minne sasa. Niliacha mwezi wa tatu na najua waliniona mvivu.

Mimi natokea Uru, kushuka mjini na kurudi ni hiace na wakati mwingine boda kipande cha mwisho, elfu mbili mpaka elfu mbili mia tano kwa siku mara siku nne. Mafunzo bure sawa lakini hiyo hela naitoa wapi wakati sina kazi? Alafu mtoto. Nilikuwa namwachia mama ila siku za soko mama anashuka na ndizi zake, siku hizo nakuja na mtoto mgongoni, fundi ananuna kwamba mtoto atashika mkasi, na kweli alishika. Nikawa nakosa siku mbili kwa wiki, nikirudi wenzangu wako kwenye kola mimi bado niko kwenye pindo, naona aibu kuuliza. Siku moja nikasema basi.

Na kuna kitu kingine mama naomba usichukie. Kila wakija wageni tulikuwa tunapangwa mstari tunapigwa picha tumeshika nguo, halafu mwenyekiti anasema hawa ni mabinti waliopotea tumewaokoa. Mtoto wangu alikuwepo pale. Picha zikazunguka kwenye magrupu ya wasap mpaka shangazi yangu Dar akazipata. Mimi sikupotea, nilizaa. Nauli ningeweza hata kukopa ila lile neno lilinifanya nichukie kile chumba.

Siku hizi nauza ndala na vyombo vya plastiki na nashona kidogo nyumbani kwa mashine ya jirani, kwa hiyo hawakunifundisha bure.

Fundi Majengo:

Binti Uru umeongea na mimi fundi nakubali, sisi tunapenda kununa. Ila ngoja niongee la ufundi manake hapa ndo pamejificha tatizo lingine.

Miezi tisa kwa siku nne mtu akija siku zote anaweza kujua gauni la kawaida na sketi, ila miezi tisa bila shilingi hakuna mtu mwenye mtoto anavumilia, hata mimi mwanafunzi wangu namtafutia kazi ya kutia vifungo na kupiga pasi ili apate ya sabuni. Nyie mlianza na nini, gauni za watu wazima? Kosa. Anza na vitu vinavyouzika baada ya wiki sita, mifuko ya sokoni, foronya, aproni za mama lishe, halafu sare za shule. Sare ndo chuo chenyewe, sketi moja utaishona mara mia mpaka mkono unajua. Januari mzazi hana ujanja lazima anunue. Na Desemba huku kwetu mnajua wenyewe, wachaga wote wa duniani wanapanda nyumbani, vitenge vya familia, gauni za kipaimara, harusi juu ya harusi, mimi Desemba nakataa kazi. Hao mabinti wawili watatu wangekuwa kwangu hapa nawalipa kwa nguo.

Alafu umesema mashine 6 ila hujataja ovaloki. Bila ovaloki ndani ya nguo nyuzi zinachomoka, mteja akifua mara mbili harudi tena. Uza hivyo viwili vya umeme ununue ovaloki moja, vya miguu baki navyo, havitaki luku. Na usimpe binti cherehani aondoke nacho siku ya mahafali mkapiga makofi, nimeshanunua mimi mwenyewe vya namna hiyo viwili kwa bei ya kutupa, mtoto kaumwa mashine imeuzwa. Kiwe cha kukodi kwa mwaka wa kwanza, analipa kidogo kidogo mpaka kinakuwa chake.

Mstaafu wa Halmashauri:

Nimefanya kazi maendeleo ya jamii miaka mingi nichangie kifupi. Kwanza muache kudhani kila msichana aliyekatisha shule anataka kushona. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliopata mimba kurudi shule za kawaida, kwa hiyo kama kati ya hao tisa kuna aliyekuwa form two au three na bado mdogo muulizeni kwanza kama anatamani kurudi, sare na madaftari ni hela ndogo kuliko cherehani. Aliyepita umri au anayeona aibu kuna QT, anafanya Mtihani wa Maarifa, akifaulu ndo anajisajili form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC, vipo 54 nchi nzima na vina programu ya Elimu Haina Mwisho kwa mabinti kama hao.

Mtaji pia upo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ila mabinti wasajili kikundi CHAO na wakope kwa jina LAO. Nimeona wamama wanakopa kwa mgongo wa mabinti, marejesho yakikwama binti ndo anatafutwa na mtendaji.

Mama Ntilie Mbuyuni:

Mi nitasema kinyume kidogo. Wapo pia ambao kweli hawako siriasi, nimeajiri nimeona, simu mkono mmoja mwiko mkono mwingine. Msibebe lawama zote jamani. Lakini huyo wa Kiborloni mnamhesabu vipi kama kaacha, yule ana biashara! Na wa mlimani anabeba kilo 20 mgongoni kwenye baridi ile halafu kuna mtu anakaa kwenye kiti anasema mabinti hawapendi kazi? Mwambieni huyo mwanachama wenu apande nae mpaka Mandara tu, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, aje atupe majibu.

Mama Pasua:

Marahaba mwanangu Binti Uru, nimesoma yako mara tatu na nimelia kidogo sitaki kuficha. Neno tulilokuwa tunatumia sisi ni "walioteleza". Ni lile lile.

Nawapa mrejesho. Kabla ya kikao niliwatafuta wale sita kwa simu, nimewapata watano. Wawili nauli, wanatokea Kibosho na upande wa TPC kwenye kiwanda cha sukari, mmoja mtoto alilazwa hospitali ya Mawenzi wiki mbili akaona aibu kurudi, huyu wa Kiborloni alicheka akasema mama nilijua mtafurahi nimepata meza, na wa mlimani kasema atakuja kushona miezi ya mvua ambayo wageni hawapo. Hakuna hata mmoja aliyesema hapendi kazi. Nilivyosoma hayo kikaoni palinyamaza, yule dada wa benki ambaye ndo alikuwa mkali akasema yeye atalipa nauli ya wawili mpaka Desemba.

Tumekubaliana viwili vya umeme vinauzwa, tunatafuta ovaloki, kuna bibi wa jirani tutampa posho akae na watoto chumba cha pili, na picha hazipigwi tena bila ruhusa ya binti mwenyewe. Mmoja alikuwa form three, kesho naenda na mama yake kuonana na mkuu wa shule. Kitenge cha Machi 8 kila mtu ajinunulie, hapo ndo tuligombana kuliko kote haha.

Fundi Majengo naomba uniangalie inbox, kimoja cha miguu kimekatika mkanda na niliyempelekea mwanzo kanikalisha mwezi mzima.