Kipima unyevu cha kukagulia nyumba: cha sindano, cha kuskani au chenye vyote viwili?

Mkaguzi_Uyole
Habari zenu wakuu. Nipo Mbeya, kazi yangu ni kukagua nyumba kabla mtu hajanunua, na swali la unyevu sasa hivi haliepukiki maana mvua za huku zikianza Novemba hadi Aprili zinakata mtu pumzi, Tukuyu ndo kabisa. Macho na mkono havitoshi, mtu akipaka rangi mpya wiki moja kabla ya kuleta wateja wewe huoni doa lolote. Nimeangalia mashine nne: General Tools MMD4E (ndogo, ya sindano), Klein ET140 (ya kuskani, haitoboi), Extech MO55 na Protimeter Surveymaster ambazo zina vyote viwili. Bei zinapishana sana, ile ndogo unaipata hata chini ya laki, Surveymaster inavuka milioni. Nyumba ninazokutana nazo nyingi ni tofali za kuchoma, plasta ya sementi, kenchi (mbao zinazobeba paa) za paini na silingi bodi ya jipsam. Nianze na ipi?

Kenchi_Mafinga
Kamwene mkuu. Chukua ya sindano, usizunguke. Inapitisha umeme kidogo kati ya sindano mbili, maji yakiwepo umeme unapita kirahisi, kwa hiyo unajua kabisa umepima pale ulipochoma na sio pembeni. Kwenye paini ndo utaiona raha yake. Mbao ikiwa chini ya 20% tulia, ikikaa juu ya hapo muda mrefu fangasi wanapata makazi na kenchi inaanza kuoza kimyakimya. Ikipita 30% hivi namba usiiamini sana, we andika tu imelowa. Angalizo mbili: mbao za dawa, zile za kijani, dawa yake ina chumvi za shaba kwa hiyo mashine inasoma juu kuliko hali halisi. Pili baridi. Mashine nyingi zimepangwa kwa joto la 20°C, sasa mbao ya darini Mafinga asubuhi ya mwezi wa saba haina joto hilo hata kwa bahati mbaya, itasoma chini kidogo. Pima mchana.

DadaFinishing_IR
Kaka Kenchi unaongelea mbao tu, nyumba sio kenchi peke yake. Mimi nafanya finishing Iringa mjini, ukija na sindano zako ukatoboa matundu kwenye ukuta uliopigwa skim (ile plasta laini ya mwisho) juzi mwenye nyumba anakutoa nje na haki yake. Ya kuskani unaigusisha tu ukutani unaitembeza, chumba kizima umemaliza ndani ya muda mfupi, inasoma kwenda ndani kama milimita 19 kwa Klein na nyingi za aina hiyo. Nyuma ya tailizi za bafuni utapima na sindano? Tailizi haichomeki.

Ila na yenyewe ina tabia zake, wacha niseme ukweli. Ikikutana na chuma inapiga kelele kama imekuta maji. Msumari, nondo iliyo karibu na uso wa lenta, fremu za chuma zinazoshika jipsam, vyote hivyo vinakudanganya. Ukiona namba inapanda kwenye mstari ulionyooka toka juu mpaka chini, hiyo ni fremu, sio maji. Na plasta isiyonyooka inaleta hewa katikati, inasoma chini.

Mkaguzi_Uyole
Asante dada. Sasa hapo kwenye ukuta, nikiskani ikaniambia 25 namwambia mteja ukuta una maji asilimia 25?

MzeeWaRungwe
Hapana kijana wangu, hapo ndipo wengi wanapotea. Ile namba ni ya mbao. Mashine imefundishwa mbao, ukiiweka kwenye plasta au tofali inakupa kipimo cha kulinganisha, yaani sehemu hii ni mbichi kuliko ile, basi. Plasta ikiwa na maji asilimia chache tu kwa uzito tayari ni mbichi kweli kweli. Usije ukaandika asilimia za ukuta kwenye ripoti, mtu anayejua atakuuliza na utakosa jibu.

Halafu kuna chumvi. Tofali zetu za kuchoma na udongo wa huku, ukuta ukishanyonya maji ya chini miaka mingi, maji yanakauka chumvi inabaki, ule unga mweupe unaoona rangi inapobanduka juu ya sketi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Chumvi inapitisha umeme na yenyewe inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo sindano inakupigia taa nyekundu hata kiangazi, na ya kuskani pia inayumba. Fundi anakuja anabomoa plasta anakuta tofali kavu.

Nakueleza ninavyofanya. Nachukua chaki, naanza juu kidogo ya sakafu, napima, naandika namba palepale ukutani, napanda kila sentimita 20 mpaka kimo cha kifua, halafu nahamia pembeni nashuka tena hivyohivyo, na lazima nipime ukuta mmoja wa ndani ambao najua ni mkavu ili nipate namba ya kulinganishia. Ukimaliza unasimama nyuma unaangalia chaki. Namba kubwa chini, zinapungua ukipanda, na zikifika kama mita moja zimekata: maji yanapanda toka msingini, muulize kama kuna dipisii, yaani tabaka la kuzuia maji yasipande toka msingini. Namba kubwa juu zinashuka, angalia bati, gata na pale ukuta unapokutana na paa. Doa moja katikati ya ukuta, fuata bomba. Na kama uso umelowa ila ukichoma ndani zaidi ni pakavu, hasa kona ya chumba kinachopikiwa madirisha yamefungwa kwa baridi ya Juni, huo ni mvuke tu wa ndani, dawa yake hewa.

Hayo yote hata mashine ya bei ndogo inakufanyia.

Tailizi_Makambako
Mzee amemaliza upande wa kuta, mi naongezea sakafu. Hakuna kati ya hizo nne itakayokwambia zege la jamvi limekauka kiasi cha kubandika sakafu ya mbao au vinyl, zote zinaona juujuu. Kipimo chenyewe cha kuaminika unatoboa zege unaingiza kifaa cha kupima unyevu wa hewa ya ndani ya tundu, kwa jamvi linalokaukia upande mmoja unatoboa asilimia 40 ya unene wake. Kama huna, kata karatasi la nailoni kama sentimita 46 kwa 46, bandika pembe zote kwa selotepu isipitishe hewa, acha angalau saa 16. Ukikuta matone au zege limekuwa jeusi chini yake, bado. Ukikuta kavu usishangilie sana, inategemea hali ya hewa ya siku hiyo.

Mkaguzi_Uyole
Shikamoo mzee, ndaga fijo. Hiyo ya chaki nimeichukua. Basi naona nielekee kwenye yenye vyote viwili, nitembeze kwanza kwa kuskani, palipopanda nihakikishe kwa sindano kama mwenye nyumba karuhusu. Extech MO55 mfuko unaweza kuhimili, Surveymaster hapana kwa sasa.

DadaFinishing_IR
Sahihi kabisa. Matundu yapige nyuma ya sketi au ndani ya kabati, na omba ruhusa kwa maandishi.

Kenchi_Mafinga
Mi bado nasema kwa anayeanza, ya sindano na ngazi nzuri ya kupandia darini vinatosha, hela inayobaki nunua tochi kali. Nusu ya unyevu wa nyumba za huku unaanzia kwenye bati na hauonekani mpaka upande mwenyewe. Ila kama umeshaamua MO55 basi nunua na sindano za akiba hukohuko unakoagiza, zinapinda haraka kwenye mkaratusi, na uone kwenye kitabu chake imepangwa kwa mbao gani kabla hujaanza kuamini namba za paini.