Kuhama Android ya kawaida: GrapheneOS, LineageOS au /e/OS?

Mwanzi_77
Wakuu, salaam. Nimechoka na simu inayopeleka kila kitu Google. Nataka mfumo huria unaojali faragha, na nimebaki na majina matatu: GrapheneOS, LineageOS na /e/OS. Upi unafaa kwa matumizi ya kila siku? Nataka niflashi (niweke mfumo mpya) wikiendi hii.

FundiKebo
Mkuu, umetaja mifumo, simu hukuitaja. Ni modeli gani? Una apu ya benki humo? Unalipa kwa kugusisha simu? Bila majibu hayo tutakuwa tunapiga ramli. GrapheneOS, kwa mfano, sharti uwe na Pixel, simu ya Google.

Kombo_Chuma
GrapheneOS, sioni cha kujadili. Huduma za Google Play ukizihitaji unazisakinisha kama apu nyingine yoyote, zinakaa ndani ya kizimba bila upendeleo wa mfumo. Ukizinyima ruhusa ya mahali ulipo, zimenyimika. Hata intaneti ni ruhusa ya apu mojamoja: kibodi na kikokotoo unavikatia, basi. Na simu isipofunguliwa kwa saa 18 inajizima na kujiwasha yenyewe, data inarudi kwenye hali ya kufungwa kwa usimbaji hadi uweke PIN.

Zuhura_M
Si kila mtu ana Pixel, Kombo. LineageOS ilizaliwa mwishoni mwa 2016 mfumo uliotangulia, CyanogenMod, ulipokufa, na hadi leo inafufua simu ambazo watengenezaji wameziacha bila masasisho. /e/OS imejengwa juu yake na inakuja na microG tayari (programu huria inayoshika nafasi ya huduma za Google), kwa hiyo arifa za apu nyingi zinafika bila huduma zenyewe za Google kuwemo. Asiyependa kuhangaika na mipangilio ataipenda.

Kombo_Chuma
Arifa hizo bado zinapita kwenye seva za Google, Zuhura. microG imebadilisha programu iliyo ndani ya simu, njia ni ileile. Mwambie yote.

Zuhura_M
Sijaficha. Unaweza kuzizima arifa hizo ndani ya microG, ila apu zinazozitegemea zitakuwa kimya mpaka uzifungue mwenyewe. Signal ina muunganisho wake, inahitaji tu kuruhusiwa kutumia betri bila kikomo.

FundiKebo
Kabla hamjafika mbali, hapa ndipo simu nyingi zinapofia. Mtu anaflashi LineageOS, inawaka vizuri, ila kila akiwasha anaona onyo la rangi ya machungwa kwamba butiloda (programu inayowasha mfumo) iko wazi. Onyo linamkera. Anachomeka kebo, anaandika kwenye kompyuta amri ya kuifunga, `fastboot flashing lock`, anathibitisha kwa vitufe vya pembeni. Simu inafuta data yote, inajaribu kuwaka, inakuta saini ya mfumo hailingani na ufunguo wa kiwandani, inagoma. Kama swichi ya kufungua OEM (inayoruhusu butiloda ifunguliwe) aliiacha imewashwa, `fastboot flashing unlock` bado itamwokoa. Kama aliizima, swichi hiyo iko ndani ya mfumo ambao hauwaki tena. Hilo ni tofali, simu imekufa.

GrapheneOS ni tofauti kwa sababu kisakinishi chake kinaandika ufunguo wa mradi ndani ya simu kabla ya kufunga. Onyo linakuwa la njano, chini yake kuna msimbo wa kuutambulisha ufunguo huo; ilinganishe na iliyo kwenye tovuti yao, herufi kwa herufi.

Mlinzi_Usiku
Mimi sielewi kitu kimoja. Unamkimbia Google kwa kununua simu ya Google?

Kombo_Chuma
Kinachotafutwa ni maunzi. Pixel inakuruhusu kufunga butiloda kwa ufunguo usio wa kiwandani, na kuanzia Pixel 6 ina chipu ya Titan M2 inayozuia kubahatisha PIN. Simu nyingi zinakosa la kwanza.

Mlinzi_Usiku
Na mnara wa simu je? Laini ikiwa hewani, kampuni ya mtandao inajua ulipo hata uweke mfumo gani.

Zuhura_M
Kweli kabisa. Hali ya ndegeni na Wi-Fi ndiyo dawa, nayo inafanya kazi kwenye mifumo yote mitatu.

Mwanzi_77
Samahanini, nimechelewa. Ni Pixel 7, niliinunua ikiwa imetumika. Apu ya benki ninayo, na ninalipa kwa kugusisha.

FundiKebo
Malipo ya kugusisha kupitia Google yasahau. Apu ya benki itategemea: ikidai kiwango cha Play Integrity (ukaguzi wa simu wa Google) kinachotaka mfumo ulioidhinishwa na Google, GrapheneOS haipiti. Tafuta taarifa za apu yako kabla ya kufuta chochote. Jua pia kwamba Pixel 7 imeahidiwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2027.

Kufungua butiloda kunafuta simu nzima, kwa hiyo hamisha kwanza misimbo ya uthibitishaji wa hatua mbili, kisha nakili folda ya WhatsApp iliyo ndani ya `Android/media` kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta iwe na RAM huru GB 2 na nafasi ya diski GB 32. GrapheneOS inasakinishwa kupitia tovuti yao, kwa hiyo tumia kivinjari cha ukoo wa Chromium, kama Chrome, maana Firefox haina WebUSB (njia ya tovuti kuongea na simu kwa kebo), na kwenye Linux kisiwe kimesakinishwa kwa Flatpak wala Snap. Kebo ichomekwe moja kwa moja, usipitie habu. Usakinishaji ukikatika katikati, mshuku kebo kwanza.

Leo fungua mipangilio, Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara 7, ingia Chaguo za wasanidi, uniambie swichi ya kufungua OEM ikoje.

Mwanzi_77
Ni ya kijivu. Haibonyezeki.

FundiKebo
Iunganishe na intaneti kwanza. Ikibaki hivyo, okoa data, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani, jaribu tena. Ikigoma hata hapo, huenda ni Pixel iliyouzwa na kampuni ya mtandao ikiwa imefungwa.

Mwanzi_77
Iko kwenye Wi-Fi tangu asubuhi. Basi nijaribu LineageOS?

Zuhura_M
LineageOS nayo inapitia swichi hiyohiyo. Hata /e/OS.