Seti mpya ya ngozi ya pikipiki imekakamaa kama mbao, nailainishaje bila kuiharibu?

MwendoPole
Wakuu habari zenu. Nimechukua seti mpya ya ngozi ya ng'ombe, koti na suruali zinazoungana kwa zipu kiunoni, na glavu zake. Ubora sina shaka nao, lebo ya ndani inasema EN 17092 daraja AA (kile kiwango cha Ulaya cha nguo za kinga za pikipiki) na ngozi yenyewe ukiishika unasikia ni nene. Sasa tabu ni kuvaa. Mikono haikunji vizuri, kola inanikata shingoni upande wa kulia nikigeuka kuangalia nyuma, na glavu ndo balaa zaidi, nikishika klachi kwa muda vidole vinachoka mpaka nahisi nakamua jiwe. Halafu nikisimama wima koti linanivuta mabegani na kwa mbele naliona fupi.

Nimeshauriwa kila kitu: loweka kwenye maji ya moto, paka mafuta ya kupikia, piga pasi, tia kwenye mashine ya kufulia na mipira ya tenisi. Mwingine kaniambia nilitandike chini nilikanyage na gari, sijui alikuwa anatania. Naomba mliopitia hili mniambie kipi kinafanya kazi kweli na kipi kitaniharibia mali.

Kipanga_K
Huyo wa gari usimsikilize aisee 😂 vaa tu mkuu, itakubali yenyewe.

FundiNgozi
"Vaa tu" ni jibu sahihi ila halijakamilika. Anza na kujua kama imekakamaa au ni ndogo, maana haya ni mambo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya. Koti la pikipiki linakatwa kwa ajili ya mtu aliyekaa kainama kidogo mikono mbele, kwa hiyo ukisimama wima lazima likuvute mabegani na mbele lionekane fupi, hiyo si kasoro. Panda pikipiki ikiwa imesimama, shika usukani, kaa hivyo kwa muda halafu ndo uhukumu. Ukiwa umekaa hivyo shika pedi ya kiwiko (ile kinga iliyowekwa ndani ya koti) kwa mkono mwingine ujaribu kuizungusha, ikihama ikaacha kiwiko wazi basi koti ni kubwa, na ikitulia pale pale ndo inavyotakiwa. Ngozi itapanuka kidogo kwa upana, mgongoni na kwenye viwiko, ila urefu usitegemee kabisa, tena mikono huwa inapanda juu kidogo ikishaweka mikunjo. Kwa hiyo kama mkono wa koti ni mfupi leo ukiwa umekaa, mwakani utakuwa mfupi zaidi. Rudisha dukani kabla hujapaka kitu chochote.

Tuseme saizi iko sawa. Ngozi ya pikipiki mara nyingi ina unene wa milimita 1.2 mpaka 1.4, wakati makoti ya urembo yanaweza kuwa chini ya milimita 1, ndo maana lile la urembo linalala mwilini tangu siku ya kwanza na lako linasimama lenyewe. Kinacholainisha ni nyuzi za ndani ya ngozi kuteleza moja juu ya nyingine, na hiyo inaletwa na joto la mwili, jasho kidogo na kukunjwa mara kwa mara pale pale unapokunja wewe. Toa pedi zote kwanza, maana nyingi ni zile zinazokuwa ngumu kwenye baridi na laini zikipata joto, kwa hiyo sehemu ya ugumu unaousikia wala si ya ngozi. Halafu shika kiwiko cha koti kwa mikono miwili, kunja, kunjua, sokota taratibu, fanya hivyo nyuma ya magoti na kwenye kola. Kola hasa ifanyie kazi, ikunje kwa nje na uviringe ukingo wake kwa vidole mpaka ule ukali upotee. Ukitazama kwa karibu utaona mstari mwembamba wa mkunjo unaanza kujichora, hapo ndo panapofunguka. Uvae nyumbani jioni, kaa chini, chuchumaa, inuka. Majirani watashangaa lakini wataizoea.

MzeeWaGia
Naongezea njia ya maji maana wengi wanaiogopa bure. Siyo kuloweka. Chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya uvuguvugu, pulizia kwa ndani sehemu zilizokaza tu mpaka zipate unyevu, vaa, panda pikipiki uendeshe mpaka likaukie mwilini. Linakauka likiwa limeshika umbo lako la kukaa. Mimi suruali zangu zote nimezifungua hivyo, magoti yanakubali haraka kuliko kukunja kwa mkono. Vaa fulana ya zamani ya rangi nyeusi kwa ndani, ngozi mpya hutoa rangi.

FundiNgozi
Mzee sikatai ila ina masharti yake. Maji yakikauka yanaondoka na sehemu ya mafuta ya ngozi, kwa hiyo lazima upake kremu ya ngozi baadaye, la sivyo utarudi kwenye ugumu ule ule au zaidi. Na bitana ya ndani ikibaki na unyevu inaota ukungu. Kwa mtu anayeanza ningesema asubiri kwanza, kama njia kavu ikigoma ndo aje kwenye maji.

MzeeWaGia
Kremu sawa, hapo tuko pamoja. Ila kusubiri huku unaendesha na glavu zisizokunja, hiyo nayo ni hatari barabarani, tuwe wakweli.

dada_wa_lami
MwendoPole hebu niongelee hayo mengine uliyoshauriwa maana kuna watu watasoma huu uzi na kwenda kuharibu vitu.

Joto: hapana. Ngozi ni protini, ikizidiwa na joto inasinyaa na hairudi. Iliyosindikwa kwa magome ya miti inaanza kusinyaa kwenye maji ya nyuzi joto 70 mpaka 85 hivi za Selsiasi, iliyosindikwa kwa chumvi za kromu inavumilia mpaka karibu na 100, na pasi ya nguo za pamba inafika mpaka 200, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Hata kulianika juani au karibu na hita usifanye, litundike kivulini kwenye henga pana ya mabega.

Mashine ya kufulia, hapana na hapana tena.

Mafuta ya kupikia yanachacha, litanuka na utaishi na hiyo harufu. Yale mafuta mazito ya wanyama wanayopaka kwenye hatamu za farasi ni kweli yanalainisha, tena sana, na hapo ndo tatizo lilipo. Ngozi ikishiba mafuta inalegea, matundu ya mshono yanapanuka, na ukianguka mshono ndo wa kwanza kufunguka. Ule ukakamavu unaoulalamikia ndo unakukinga ukiburuzika kwenye lami, lengo ni likunje unapokunja wewe, siyo lining'inie kama shati. Juu ya hapo ngozi nyingi za pikipiki zina tabaka la rangi juu, kwa hiyo unachopaka kingi kinabaki nje kinakusanya vumbi. Paka kremu kiduchu kwa kitambaa, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana kwa sababu nyingine zinatia weusi, subiri, futa iliyobaki. Kazi yake ni kuitunza ngozi isikauke na kupasuka, usitegemee ilainishe koti jipya.

MwendoPole
Asanteni sana, nimepanda kwenye pikipiki kama Fundi alivyosema na kweli mabegani panakaa vizuri kabisa, pedi haziendi popote. Kola nimeanza kuiviringa, huo upande wa kulia naona una tabaka nyingi zaidi pale zipu inapoishia. Bado glavu jamani, nifanyeje?

dada_wa_lami
Hapo zipu inapoishia patachelewa, funga skafu nyembamba shingoni kwa sasa. Glavu angalia kitu kimoja kwanza: ukikunja ngumi, ncha za vidole zinagonga mwisho wa glavu? Kama zinagonga ni ndogo na vidole vya glavu havirefuki, badilisha. Kama hazigongi, zifanyie kidole kimoja kimoja, kunja kwenye kila kiungo, hasa kidole cha shahada na cha kati maana ndo vinavyofanya kazi ya klachi na breki. Zile zenye plastiki ngumu kwenye vifundo vya ngumi ugumu mwingi unatoka hapo, kunja mpaka ile ngozi inayounganisha plastiki na vidole ilegee. Ukimaliza zivae, shika mpira mdogo au ukingo wa kiti, kaa hivyo unaangalia runinga.

MzeeWaGia
Na kwenye glavu njia ya maji ndo inang'aa zaidi, lowanisha mikono yako, kung'uta, vaa, shika usukani mpaka zikauke. Zisikauke mezani zimenyooka, zitagandia hivyo hivyo.

FundiNgozi
Kwa glavu nakubali 👍 Ila usiende nazo barabarani mpaka uweze kuvuta klachi na breki yote bila kufikiria, zungukia kwanza kwenye uwanja wazi. Na zipu ya kuunganisha kiunoni ikigoma ipake nta ya mshumaa kwenye meno, usiivute kwa nguvu, ikikatika hiyo kuibadilisha ni kufumua mishono.

Kipanga_K
Mi nilisema vaa tu, mmeandika kitabu kizima 😂 ila hiyo ya mshumaa naenda kuijaribu sasa hivi.