Mlango wa pistoni wafunga lakini haufunguki, nisaidieni kabla ya saa mbili usiku

KibokoniBloku: Assalaam aleikum wakuu. Najenga nyumba ya Mji wa Kale ndani ya Minecraft, ule mchezo wa kujenga kwa bloku, mlango wa 2 kwa 2. Pistoni za kunata 4 (zasukuma bloku kisha zaivuta), mbili kila upande. Kufunga wafunga. Nikikanyaga bamba la sakafuni linalotuma umeme, pistoni zarudi lakini bloku zabaki palepale mlangoni. Saketi nimeifumua na kuisuka upya, wapi! Wenzangu waja kuuona leo usiku. Nifanyeje?

MvitaTochi: Mpigo wako wa umeme mfupi. Pistoni ya kunata ikipata mpigo wa tiki 1 (sehemu ya kumi ya sekunde) huiacha bloku. Tia ripita, kile kifaa cha kuchelewesha na kuupa umeme nguvu upya, ya tiki 2 kabla ya pistoni, kwisha.

BintiLikoni: Mie tatizo naona ni hilo bamba. Zombi naye hulikanyaga akaingia. Weka kitufe cha jiwe, hubaki kimebonyezwa sekunde 1 tu. Watu wapige hodi kwanza, nyumba si sokoni.

FundiMfereji: Wacheza toleo gani la Minecraft, Java au Bedrock?

KibokoniBloku: Yahusu nini? Saketi ni saketi.

FundiMfereji: Yahusu sana. Jibu.

KibokoniBloku: Nacheza kwa simu.

FundiMfereji: Si ungesema! Hiyo Bedrock. Kwenye Java pistoni ya chini huamka hata kwa umeme uliofika nafasi iliyo juu yake. Kwenye simu kila pistoni yataka umeme wake. Fanya hivi: poda ya redistoni, ndiyo waya wa umeme wa mchezo, ipite chini kabisa ya bloku ya sakafu iliyobeba bamba, iingie ubavuni mwa bloku iliyozikwa nyuma ya pistoni. Juu ya bloku hiyo simamisha tochi. Juu ya tochi bloku nyingine, iguse mgongo wa pistoni ya chini. Juu yake poda, iguse mgongo wa pistoni ya juu. Upande wa pili vivyo hivyo. Tochi yawaka muda wote, ndiyo maana mlango umefunga. Ukikanyaga yazima, pistoni zarudi. Kati ya pistoni zinazotazamana acha nafasi 4. Poda ikipita bloku 15 umeme wafa, hapo ndipo ripita ina kazi.

NyaliSita: Ngojeni. Bedrock haiachi bloku kwa mpigo mfupi, hiyo ni tabia ya Java. Na yeye asema pistoni zote zarudi, basi saketi ni nzima. Yakhe, hii hadithi imepikwa. Mlango haupo.

MvitaTochi: Tena mlango wa Mji wa Kale usio na mfaa, ule mti wa katikati 😂

KibokoniBloku: Sijapika kitu! Niko mbele yake sasa hivi.

NyaliSita: Haya, bloku gani hizo za mlango?

KibokoniBloku: Terakota ya kung'aa (udongo wa kuchoma wenye nakshi), ya bluu. Zikikaa nne ua latimia. Msiniambie nibadilishe, nimeshazichoma tanuru nzima.

NyaliSita: Nafuta neno langu. Terakota ya kung'aa husukumwa, haivutwi. Hata bloku ya ute, inayonata kila kitu, haishikani nayo. Java ama Bedrock, mamoja.

FundiMfereji: Mlango utie zege ya bluu, au terakota ya rangi ambayo hujaichoma mara ya pili. Hizo za kung'aa zipange kwenye fremu.

KibokoniBloku: Fremu nishaweka mbao. Je, nikitia pistoni za kawaida zizisukume zirudi?

NyaliSita: Zisimame wapi? Vipande vyako vyakutana katikati. Cha kuvirudisha kitabidi kikae njiani.

BintiLikoni: Kitufe bado nakisisitiza.

KibokoniBloku: Sawa, zege. Nina unga wake tu.

FundiMfereji: Unga usiutie mlangoni, wadondoka kama mchanga. Uguseshe maji, wawa zege papo hapo. Kisha uchimbe kwa sururu. Kwa mkono mtupu hupati kitu.